Pomboo wa Kizimkazi hawana uzio

Mwezi wa saba hapa Dodoma si mwezi wa kuchezea. Usiku baridi inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, upepo unavuma na vumbi lake, na huku kwetu Chang'ombe kila mtu anatembea amejikunyata ndani ya koti la mtumba kama kuku aliyenyeshewa. Wenye akili zao wanasogelea jiko la mkaa. Mimi nikatangaza kijiweni kwamba naenda baharini.

Washikaji wakavunjika mbavu. Mmoja akataka kujua kama nimepata mchumba wa Kizanzibari. Nikawaambia hapana, naenda kuangalia pomboo. Pakawa kimya. Halafu mmoja akauliza, tena kwa huruma: "Kaka, nauli yote hiyo kwa ajili ya samaki?"

Hapo inabidi tuelewane kabla hatujaenda mbali. Pomboo si samaki. Ana mapafu kama wewe, hupanda juu kuvuta hewa, huzaa mtoto na kumnyonyesha kama ng'ombe wa Mgogo. Usingizi wake ndio kiboko: hulala kwa nusu ya ubongo, nusu nyingine inabaki macho ili asisahau kupanda juu kuvuta pumzi. Shika hilo la usingizi, maana tutalirudia.

Na hii tabia ya kwenda pwani wakati wa baridi kutazama wanyama wa baharini haikuanza na mimi. Uingereza, pwani ya Lincolnshire, kuna mahali panaitwa Donna Nook. Mwezi wa kumi na moja, baridi imekolea, sili wanapanda ufukweni kuzaa. Sili ni mnyama wa baharini mwenye masharubu, ukimtazama usoni utadhani mbwa aliyenona. Watu humiminika na makoti yao mazito, lakini wote husimama nyuma ya uzio. Mama sili ananyonyesha, mgeni anatazama, kila mtu na upande wake. Sisi sili hatunao, na ukitaka theluji itabidi upande Kilimanjaro. Lakini kipupwe tunacho, na pomboo tunao.

Basi nikafunga kibegi. Zamani safari kama hii ilikuwa kutwa nzima ya basi mpaka Dar, magoti yamegusa kidevu. Siku hizi kuna treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa Sh 31,000. Unasinzia kidogo, ukifumbua macho uko Morogoro, na jasho limeanza kukukumbusha kuwa koti la Chang'ombe halina kazi tena.

Kutoka Dar ni boti ya mwendo kasi, kama saa mbili hivi hadi Unguja. Hapo nawatahadharisha ndugu zangu wa bara. Miezi hii inavuma kusi, na kusi haina adabu. Mimi maji mengi niliyokuwa nimeyazoea ni ya bwawa la Hombolo, ambayo yametulia kama uji kwenye sahani. Boti ilipoanza kupanda na kushuka, abiria waliokuwa wakipiga soga wote wakawa wacha Mungu ghafla. Dada mmoja pembeni yangu alishika mkono wangu mpaka tunafika, na tulipofika hakuniaga.

Kizimkazi iko ncha ya kusini ya Unguja, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Ni vijiji viwili, Mkunguni na Dimbani, na ndiko kwao Rais Samia Suluhu Hassan. Dimbani kuna msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi ukutani yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Fikiria hilo, watu wanaswali pale zaidi ya miaka mia tisa.

Jioni nikakaa pwani na mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu. Nikamwamkia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Dodoma. "Ahaa, kwa wakubwa!" akasema. Nikamwambia mimi natoka Dodoma ya Chang'ombe, ile ya walalahoi. Akacheka, akanikaribisha kitako.

Yeye ndiye aliyenieleza kile ambacho vipeperushi vya utalii havikisemi. Zamani pomboo hapa walikuwa wanauliwa. Nyama yao ilikuwa chambo cha kuvulia papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni wakaanza kuja kutazama, na wavuvi wakapiga hesabu zao. Pomboo akiuawa unampata mara moja tu. Akiwa hai unampeleka mgeni leo, kesho na keshokutwa. Ilipofika katikati ya miaka hiyo uwindaji ukakoma, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai yote ikatangazwa eneo la hifadhi.

"Kwa hiyo pomboo ndiye aliyesomesha watoto hapa?" nikamuuliza.

"Kawasomesha, mwanangu," akasema. "Lakini sasa tunamchosha. Kesho utaona mwenyewe."

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikachangia boti na vijana watatu wa Dar waliokuja na simu kali za kupigia picha. Yule mzee naye akapanda, maana nahodha alikuwa mjukuu wake. Ajabu ni kwamba maji ya bahari yalikuwa na joto kuliko chumba changu kule nyumbani.

Hatukwenda mbali. Mara mtu akapiga kelele: "Wale pale!" Nikaona migongo mitatu, minne, myeusi inang'aa, inapanda na kuzama. Moyo wangu ukaruka. Lakini kabla sijasema lolote, boti zilizotutangulia zikawasha mashine zote kwa pamoja. Nilihesabu kumi na moja. Zikakata mbele, zikazunguka, wageni wenye miwani ya kuzamia wakajirusha majini pwaa, pwaa, kama magunia yanayoshushwa Majengo sokoni. Pomboo wakazama. Wakaibuka mbali. Boti zikawafuata tena. Ilikuwa mchakamchaka tupu.

Sasa kumbuka ule usingizi wa nusu ubongo. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa kusini mwa Unguja walichapisha matokeo yao mwaka 2010. Waligundua kuwa boti za watalii zikiwepo, pomboo hutumia muda mwingi zaidi kusafiri, na muda wa kula na kupumzika unapungua. Kwa lugha ya mtaani, ni kama wewe umetoka zamu ya usiku, unajilaza, halafu kila baada ya dakika tano mtu anagonga dirisha apige na wewe picha. Na mtoto wako mchanga anataka kunyonya.

Yule mzee akamwambia mjukuu wake azime mashine.

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. "Bwana, sisi tumelipa!" akasema mmoja wa wale vijana. "Wenzetu wanapata picha, sisi tunakaa hapa kama maboya?" Nahodha akanitazama mimi, akawatazama wao. Nikaielewa shida yake. Mgeni akinuna, bakshishi hamna, na kesho atawaambia wenzake wachukue boti nyingine. Kijana yule hana ubaya wowote na pomboo, ana njaa tu kama mimi. Nikasema mimi naunga mkono tusubiri. Tukawa tumegawanyika.

"Nipeni robo saa," mzee akasema. "Wasipokuja, mfukuzeni mnavyotaka."

Tukakaa. Kusi inatuyumbisha, hakuna anayeongea. Zikapita kama dakika kumi. Halafu nikasikia upande wa kushoto: pfuuu! Pumzi, kama mzee aliyetua mzigo. Pomboo mkubwa, na ubavuni mwake mdogo, amejibana kwa mama kama mtoto wa Kigogo mgongoni. Wakapita karibu sana na boti, taratibu, kama hatupo. Wakarudi tena. Yule kijana mwenye kelele alikuwa ameshika simu na hapigi picha, kinywa wazi.

Ilikuwa raha ya dakika tano, labda sita. Kisha boti mbili zikatuona tumetulia, wakajua tunacho kitu, wakaja mbio. Mama na mtoto wakazama. Hatukuwaona tena.

Kule Donna Nook wameweka uzio. Baharini huwezi kuchimbia nguzo. Uzio wa Kizimkazi ni nahodha, na nahodha anamsikiliza anayelipa. Maana yake ni wewe na mimi. Kwa hiyo ukienda, kabla hujatoa hela muulize: utazima mashine? Utakaa mbali? Akikwambia "nitakufukuzia mpaka uwaguse", mshukuru, tafuta mwingine. Ukiombwa ujirushe majini katikati yao, baki kwenye boti. Na nahodha anayetulia mpe bakshishi nono kuliko anayekimbiza, tena mbele ya wenzake waone. Wavuvi wa pale walishabadilika mara moja kwa sababu hesabu ilibadilika. Wanaweza kubadilika tena.

Mkiwa mnaenda miezi hii ya kusi, bebeni koti la kupandia boti asubuhi, na msile sana kabla ya kuondoka Dar. Hilo la mwisho mtanishukuru.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.