Mtoto wa Bweha ni Amana

Katika nyumba nyingi za bara hutokea siku mtoto akarejea kutoka machungani au shambani akiwa amekumbatia kiumbe kidogo cha porini: kinda la kanga, au mtoto wa paa, au mtoto wa nguchiro aliyepotewa na mama yake. Hapo wazazi huulizwa swali ambalo si jepesi kulijibu: Je, tumlee? Wako wasemao mara moja, "Katupe huko," na wako wafurahio wakaanza kutafuta kamba ya kumfungia. Kwa maoni yangu wote wawili hawajaitimiza huruma. Wa kwanza amemnyima kiumbe uhai wake, na wa pili amemnyima ubweha wake au upaa wake. Nataka nikueleze, ndugu msomaji, jinsi jambo hili lilivyotufikia sisi wenyewe, huenda likamfaa mzazi mwingine.

Mimi ni mwalimu katika wilaya ya Kondoa, na tuna shamba la mahindi upande wa Kiteto. Mwezi wa Novemba mwaka 2016, mvua zikiwa zinakaribia, trekta lililokuwa likilima shamba la jirani lilibomoa shimo la bweha. Mama na watoto watatu walikufa papo hapo. Mmoja alisalia, macho yamekwisha kufunguka na meno yanaanza kutokeza, mwili mzima waweza kuufunika kwa kiganja, isipokuwa masikio, ambayo yalikuwa makubwa kama kwamba ameazima ya mnyama mwingine.

Neno letu bweha hukusanya wanyama zaidi ya mmoja, na yafaa tuwatofautishe. Yuko bweha ajulikanaye sana, ambaye hula mizoga na kunyemelea kuku na wana-kondoo. Na yuko huyu, bweha masikio, mwenye uzito wa kilo tatu hadi tano tu akiisha kukomaa, ambaye chakula chake kikubwa ni mchwa na madundu ya samadi. Mbwa ana meno 42, lakini bweha masikio ana meno kati ya 46 na 50, madogo madogo, ya kusaga wadudu wala si ya kupasua nyama. Masikio yake marefu humsikilizia mdudu akitembea chini ya udongo. Watafiti wamekadiria kwamba mmoja huweza kula mchwa wapatao milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo mkulima amwuaye kwa kudhani kuwa ni mwizi wa kuku, amemwua kibarua wake asiyedai ujira.

Tena ana tabia moja ambayo sisi akina baba yatupasa tuisikie. Watafiti waliowachunguza katika nyika ya Serengeti waliona kwamba usiku dume ndiye abakiaye kwenye shimo kuwalinda watoto, kuwasafisha na kucheza nao, huku jike akienda kutafuta chakula ili apate maziwa. Baadaye ndiye huwafundisha watoto kutafuta riziki. Kwa sababu hiyo hatukumchukua mtoto yule mara moja. Tulimweka kivulini kando ya shimo lililobomoka, tukajitenga mbali, tukangoja tangu alasiri hata usiku, na usiku ule wote, huenda baba yake yu hai naye atamjia. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba maswahaba waliokuwa safarini na Mtume (S.A.W.) waliwachukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa kwa huzuni. Mtume alipoona hayo akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyo kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Basi hukumu ya kwanza juu ya mtoto wa mnyama ni kumrudisha kwa wazee wake. Kumlea huja pale tu ambapo kumrudisha kumeshindikana. Asubuhi tulimkuta peke yake, amepoa mwili, hana nguvu hata ya kulia. Ndipo nikamfunga kitambaa nikamchukua.

Safari ya kwanza haikuwa ya kwenda nyumbani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata wala kumweka mnyama wa porini bila kibali, nami sikutaka huruma yetu iwe kisingizio cha kuvunja sheria. Nilikwenda kwa afisa wa wanyamapori, ambaye wazee wetu wangali wakimwita bwana nyama. Alitukubalia tumlee mpaka aweze kujitegemea, kwa sharti kwamba atarudishwa porini. Kutoka hapo nikaenda kwa bwana mifugo, kwa ajili ya jambo zito zaidi kuliko njaa ya yule mtoto.

Jambo lenyewe ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kudhihiri, karibu hapana apataye kupona. Bweha masikio huupata kama mbwa aupatavyo. Katika miaka ya 1980 ulionekana kuwaua katika Serengeti. Na mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliingia Serengeti ukaua simba wapatao elfu moja, na bweha masikio hawakusalimika. Kwa hiyo bwana mifugo alituamuru hivi: asiguswe na mtu ila mmoja, na huyo mmoja avae glavu na achanjwe, mbwa wa jirani wasimkaribie, na kama akimwuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona itakuwaje. Mtu huyo mmoja nilikuwa mimi. Watoto walisikitika, lakini huruma kwa mnyama isiyowahurumia watoto wa nyumba si huruma, bali ni upuuzi.

Mama watoto naye alikuwa na swali lake. "Mwalimu," aliniambia, "huyu si aina ya mbwa? Na sala zetu humu ndani?" Nilimpelekea Sheikh wa mtaani kwetu swali hilo, naye akatufafanulia kwa upole. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika ya Mashariki, wanyama walio hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe na kizazi chao. Akaongeza kwamba Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj alimtaja mbweha miongoni mwa wanyama walio halali, jambo lionyeshalo kuwa hakuhesabiwa pamoja na mbwa. "Walakini," alisema Sheikh, "mkojo wake na kinyesi chake ni najisi kama vya mnyama mwingine. Mwekeeni mahali pake, na pa kusalia pawe pake." Basi tukamjengea kizimba cha wavu wa waya nyuma ya nyumba, chenye udongo mwingi wa kuchimba na pipa lililolazwa liwe shimo lake.

Juma la kwanza lilikuwa la kukesha. Nilimnywesha maziwa ya mbuzi ya vuguvugu kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano, tone baada ya tone, kila baada ya saa nne. Hakulazwa chali kama mtoto wa binadamu, bali alisimama kwa miguu yake, kwani maziwa yakipotea njia yakaingia mapafuni humwua. Kabla ya kunywa alipashwa joto kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, maana mtoto mwenye baridi hawezi kuyayeyusha maziwa tumboni. Mvua ziliponyesha, wanangu walipata kazi yao: walileta vipande vya vichuguu katika debe, nami nikavifukia kizimbani. Hatukumwekea mchwa katika sahani. Tulitaka asikilize, achimbe, akose, achimbe tena. Jioni tulikaa mbali tukimtazama ameinamisha kichwa, masikio yake mawili yameelekea chini kana kwamba ardhi yamwambia siri, kisha ghafula akachimbua.

Binti yangu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alimpa jina la Masikio. Sikumkataza, ila nilimwomba asimwite kwa sauti. "Kwa nini, Baba?" aliuliza. Nikamwambia, "Mwanangu, mnyama ajuaye kuja aitwapo na mtu, atakuja pia aitwapo na mtu mbaya." Alinyamaza, lakini niliona hakuridhika.

Mwezi wa Februari aliacha maziwa, naye alikuwa amependeza: manyoya ya kijivu, miguu myeusi, na uso kama uliotiwa wanja. Ndipo jaribio lilipokuja. Mpita njia mmoja alimwona akataka kumnunua, akataja fedha ambayo kwa mshahara wa mwalimu haikuwa ndogo. Nilimjibu kwamba mtu hauzi kitu kisicho chake. Jaribio la pili lilikuwa gumu kuliko hilo, kwa kuwa lilitoka kwa binti yangu. "Baba," alisema, "amezoea kwetu. Huko porini kuna chui na kuna magari. Tukimfuga daima, si ndiyo kumpenda?"

Sikutaka kumjibu kwa amri, nikamweleza habari moja ya kweli. Mwaka 1959 mtaalamu mmoja wa Urusi, Dmitri Belyaev, alianza huko Novosibirsk kuwachagua mbweha wa rangi ya fedha waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya ngozi zao. Katika kila kizazi aliwazalisha wale wachache tu wasiomwogopa mtu. Baada ya vizazi kadhaa walianza kuzaliwa watoto watikisao mkia na kuwalamba watu mikono. Kazi hiyo iliendelea hata baada ya yeye kufa mwaka 1985. Fahamu basi kwamba upole ule ulitokana na uzao uliochaguliwa kwa miaka mingi, si kwa kunyweshwa maziwa na mtu. Mtoto wa bweha wa porini hata akilelewa kwa mkono hubaki wa porini. Akikomaa hutamani mwenzi, hutamani usiku na mbuga, na usipompa hayo huuma, huchimba, hugonjeka. Nikamwambia binti yangu, "Wewe wampenda, hilo nalijua. Lakini mpende kwa kile akitakacho yeye."

Mwezi wa Aprili mwaka 2017, nyasi zikiwa ndefu na wadudu wengi, tulimchukua kwa idhini ya bwana nyama mpaka Kiteto, mahali ambapo wachungaji walikuwa wakiwaona bweha wa namna yake. Tulijenga kizimba kidogo kando ya kibanda cha shamba, akakaa humo siku kumi apate kuizoea harufu ya nchi ile. Kisha jioni moja baada ya magharibi nikaufungua mlango, nikaondoka bila kusema neno. Kwa siku kadhaa alitoka usiku akarudi alfajiri kulala katika pipa lake. Kisha akawa analala nje siku mbili, siku tatu. Pipa likabaki tupu.

Likizo ya Juni tulikwenda shambani kuvuna. Jioni moja tuliwaona bweha masikio watatu wakichimba mbali kidogo nasi, na mmoja alikuwa na kovu katika sikio la kushoto, kovu ambalo sisi tulilijua tangu siku ya trekta. Binti yangu akashindwa kujizuia, akaita, "Masikio! Masikio!" Bweha yule aliinua kichwa, akayageuza masikio upande wetu, akatusikiliza kwa kitambo. Halafu aliinamisha kichwa akaendelea kuchimba na wenziwe.

"Baba, amenisahau?" aliuliza huku machozi yakimlengalenga. Nilimwambia kwamba sijui bweha hukumbuka nini, lakini naona hana haja nasi tena, na hilo ndilo tulilolifanyia kazi miezi mitano. Alijifuta macho, akakaa juu ya gunia la mahindi, akawatazama mpaka giza likawafunika.

Wazazi wenzangu, mtoto wenu akileta kiumbe cha porini msimkaripie, kwani moyo uliomsukuma ni moyo mwema. Mwonyesheni njia yake. Kwanza, ulizeni kama yu yatima kweli, au mama yake yu karibu amejificha. Wengi wa watoto wa wanyama waokotwao hawakuachwa. Pili, waarifuni wahusika wa serikali na bwana mifugo kabla hajaingia nyumbani. Tatu, mbwa wenu wachanjwe, maana kwa chanjo hiyo mwawalinda watoto wenu na wanyama wa porini pamoja. Nne, mkipewa ruhusa ya kumlea, mleeni kama mleavyo amana ya mtu, mkiihesabu siku ya kuirudisha tangu siku ya kuipokea. Nanyi vijana, msione haya kulia siku hiyo. Qurani Tukufu, katika Sura ya 6, aya ya 38, yatufahamisha kwamba wanyama watembeao katika ardhi ni umma kama sisi, na mwana wa umma mwingine mwisho wake mwema ni kurudi kwa watu wake.

Wabillahi tawfiq.