Saa Mbili na Dakika Mbili



Kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa kijana wa kompyuta katika ofisi moja mjini Nakuru. Leo nataka kukuambia jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni.

Bosi aliniita akasema anataka kujua nani anaingia kazini saa ngapi na anatoka saa ngapi. Wafanyakazi hawakuambiwa. Siku hizi Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aarifiwe habari zake zinapokusanywa. Wakati ule haikuwepo, nami sikuuliza.

Windows huandika kila mtu anapoingia, kwa nambari 4624, na anapotoka, kwa 4634. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikajumlisha saa za kila mtu. Dada mmoja wa uhasibu aliingia saa mbili na dakika mbili, akatoka baada ya nukta chache. Akaingia tena, akatoka. Kwa siku nzima hakufikisha dakika kumi! Nikapeleka ripoti nikijiona mtaalamu. Akaandikiwa barua ya onyo.

Wiki iliyofuata kompyuta yake ilisumbua, nikaenda kuitengeneza. Kumbukumbu zake mwenyewe zilikuwa humo ndani: ameingia saa mbili asubuhi, ametoka saa kumi na moja na robo jioni. Kila siku. Seva ilikuwa imeandika tu zile mara ambazo mashine yake iliigusa kwa mbali. Wenzake walifungua mafaili ya seva kutwa nzima, ndiyo maana saa zao zilijaa. Yeye vitabu vyake vya hesabu vilikuwa kwenye mashine yake.

Mpendwa, nilijua siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Niliogopa kuitwa mjinga mbele ya bosi. Baada ya miezi miwili dada yule akaacha kazi.

Wewe unayesimamia kompyuta za ofisi, nakusihi, usiandike jina la mtu kwenye ripoti kabla hujafika kwenye mashine yake. Na hata hapo, utaona paswadi ya nani imetumika, hutaona nani ameketi kitini. Stima ikipotea ghafla, kutoka kwake huenda kusiandikwe kabisa. Nawe bosi, kabla hujatia sahihi ile barua, muite mtu umuulize.

Mwaka jana nilihubiri Zaburi ya 139, pale Daudi anapotaja kuketi kwake na kuondoka kwake, na sauti ikanikwama. Watu walidhani ni upako. Jumatatu nikatafuta nambari ya dada yule, nikampigia, nikamweleza yote, na nambari zote, nikaomba msamaha.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pasta, nilijua kuna kitu. Uliacha kunywa chai na sisi."