Chake Chake na Viwanja Vilivyolala

Msafiri anayeshuka bandarini Mkoani na kupanda gari kuelekea kaskazini hupita vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga hata akafika Chake Chake, mji uliokaa juu ya kilima, hori la bahari likiingia chini yake upande wa magharibi. Ni mji mdogo. Soko, misikiti, maduka na ofisi za Serikali vimesongamana mahali ambapo mtu huweza kupazunguka kwa miguu baina ya adhuhuri na alasiri.

Katikati ya msongamano huo yapo mabaki ya ngome ya Waarabu wa Oman, ya karne ya 18. Sehemu kubwa ya ngome hiyo ilibomolewa zama za ukoloni ili kupisha ujenzi wa hospitali. Kilichosalia kimefanywa Makumbusho ya Pemba, na ndani yake mwanafunzi husoma habari za Ras Mkumbuu na za Pujini kwa Mkama Ndume. Kuta zilizojengwa kwa ajili ya vita leo zinafundisha watoto. Jengo la dola, basi, haliuawi na uzee peke yake. Huuawa na kukosa kazi.

Ukiiacha ngome ukaendelea kutembea, hapo Chake na vilevile Wete na Mkoani, macho hukutana na hali nyingine: ofisi ambayo idara yake imehama, nyumba ya mtumishi isiyo mtumishi, kiwanja cha Serikali kilichoota magugu huku kina mama wakiuza mboga ukingoni mwa barabara, jua la utosi likiwawakia.

Tuwe waadilifu katika kuhukumu. Si kila mlango uliofungwa ni uzembe. Ghala la karafuu huwa tupu msimu ukiisha, na mwaka wa mavuno haba halijai. Kulinyang'anya kazi yake ni kumkosesha mkulima pa kupeleka mazao yake mwaka wa neema. Tunayoyasema hapa ni yale yasiyo na msimu wa kungojewa.

Jambo hili si dogo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba. Ya 2022 ikahesabu 543,441. Kwa miaka kumi kisiwa kimeongezeka watu kwa theluthi nzima, na ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Anayekosa nafasi mjini hujenga shambani, na mkarafuu ukishakatwa au bonde la mpunga likishafukiwa, kurejesha ni shida.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi. Mijini zikajengwa nyumba za maendeleo, zile za ghorofa ambazo hata leo zimesimama Madungu, Wete na Mkoani. Mashambani wakulima wakagaiwa eka tatu tatu, kwa sharti la kuzilima. Ikiwa mkulima alifungwa na sharti hilo, je, taasisi iliyokalia kiwanja katikati ya mji imesamehewa na nani?

Historia ya Kiislamu inalo jibu. Mtume (S.A.W.) alimpa Bilal bin al-Harith ardhi ya al-Aqiq. Ulipofika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), ikaonekana kwamba hawezi kuiendeleza yote. Umar akamwachia ile aliyoiweza, na iliyobaki akawagaia Waislamu. Kama kipawa cha Mtume hakikuwa kinga ya kuiacha ardhi ikiwa imekufa, barua ya idara haiwezi kuwa kinga.

Lakini kuhuisha si kuuza. Unguja tuna mfano wa Mambo Msiige, jengo la karne ya 19 lililokuwa na ofisi za Serikali katika Mji Mkongwe. Lilikodishwa kwa mwekezaji, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Jengo limetengenezwa, na ajira zimepatikana. Hata hivyo UNESCO ililalamikia ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa kando yake, na mwananchi aliyekuwa akiingia humo kutafuta cheti sasa hupita nje akitazama. Pemba ina nafasi ya kuchagua kabla haijachaguliwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila wilaya itoe daftari la viwanja na majengo ya Serikali yaliyomo mijini, na daftari hilo libandikwe mahali ambapo raia ataliona. Pili, taasisi isiyotumia ilichonacho ipewe muda, na muda ukipita, irejeshe. Tatu, kinachorejeshwa kikodishwe kwa mkataba ulio wazi, hati ikibaki ya umma, na matumizi ya jamii yatangulie: vibanda vyenye kivuli kwa wale kina mama, karakana za vijana, maktaba, dakhalia ya mabinti wanaotoka vijiji vya mbali kuja kusoma.

Mali ya umma ni amana, na amana haihifadhiwi kwa kufuli peke yake. Ufunguo wa kila mlango uliofungwa uko mikononi mwa mtu fulani, na mtu huyo ataulizwa: na wananchi leo, na Mola wake kesho.