Kuni za Mama na Chuma cha Springi



Mara nyingi tunazungumza hapa juu ya malezi, masomo na ndoa. Leo naomba nafasi nizungumzie kuni. Najua watakuwepo wa kucheka, hasa wenye mitungi ya gesi, lakini kwetu Nakaloke, mwendo mfupi kutoka Mbale kwa barabara ya Kumi, kuni ndizo zinazopika futari, uji wa daku na pilau ya harusi. Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi zilipikia kuni au mkaa. Sisi tulikuwa tukichanganya vyote viwili, mpaka Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa wa biashara upande wa kaskazini na Teso. Tangu hapo nyumbani kwetu mkaa ni wa kupigia pasi tu.

Mama yangu ni mjane, umri umepita miaka 60. Anakaanga mandazi asubuhi kwa watoto wa shule, na kwenye harusi yeye ndiye wa kuitwa kusimamia sufuria. Kuchanja kuni ilikuwa kazi ya marehemu baba, Allah amrehemu. Baada yake tukawa tunakodi vijana. Mwaka juzi mmoja wao alilikanyaga gogo la mkaratusi kwa mguu wa kushoto ili lisiyumbe, shoka likateleza kwenye kifundo cha mti likamkata juu ya vidole. Alishonwa akapona, Alhamdulillah, lakini mama hakukodi mtu tena. Alisema, "Sitaki mtoto wa mwenzangu apoteze mguu kwa ajili ya mandazi yangu." Akaanza kuchanja mwenyewe kwa panga, mkono mmoja umeshika ukuni, mwingine unapiga. Na bega lake la kulia ni bovu, hawezi kuinua mkono ukapita sikio.

Ndugu yangu aliye Kampala akataka kumnunulia gesi. Mama akakataa: sufuria ya watu mia haikai kwenye jiko lile, na mtungi ukiisha ataanza kutupigia simu kuomba. Kila aliyepita madrasa anaijua hadithi ya mtu na kamba yake na mzigo wa kuni mgongoni, kwamba hilo ni bora kwake kuliko kuomba watu. Mama haisimulii sana, lakini anaiishi. Kwa hiyo mimi na watoto tukaona tuitoe hatari kwenye kazi, mama tumwache na kazi yake.

Tulianza na kitanda cha kukatia. Ni fito nne imara za urefu wa mita 1 na kidogo, mbili mbili zikipishana kama herufi X, zikipigwa misumari ya inchi 5 na kukazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hizo X mbili zinasimama umbali wa sentimita 40, zikiunganishwa kwa miti ya pembeni. Gogo linalala juu, kwenye panda, halibingiriki na halihitaji mguu wa mtu kulishika. Panda iwe chini kidogo ya kiuno cha mwenye kukata. Nilimsimamisha mama nikampima yeye, kwa kuwa mimi ni mrefu na kitanda si changu.

Jambo moja wengi hawalijui: usikate katikati ya zile X mbili. Ukikata hapo gogo linapinda kuelekea chini, mkato unajifunga juu na msumeno unabanwa. Kata sehemu inayotokeza nje. Kipande kinaning'inia kwa uzito wake, mkato unafunguka, kinaanguka chenyewe. Msumeno wa upinde unatosha kabisa, wenye meno makubwa kwa mti mbichi, na utomvu ukiganda juu yake paka mafuta ya taa kidogo.

Tairi nalo lilitushangaza kwa urahisi wake. Ni tairi kuukuu la matatu, tulilipata gereji kwa bei ya chai na chapati, tukalipigilia misumari juu ya kisiki kipana. Vipande vinene vinasimamishwa ndani yake, na kijana akipiga shoka vinapasuka lakini havitawanyiki uani, wala hakuna wa kuinama kuvisimamisha upya. Shoka likikosea linakutana na mpira au kisiki kabla ya kufika kwenye mguu. Toboeni matundu chini ya tairi, maana likishika maji ya mvua mmefuga mbu.

Lakini shoka bado si la mama. Hapo ndipo nilipomkumbuka Ayla Hutchinson, msichana wa shule wa New Zealand. Alipokuwa na miaka 13 mama yake alijikata kidole akichanja kuni ndogo, naye kwa mradi wa sayansi shuleni akabuni kifaa ambacho baadaye kiliuzwa kwa jina la Kindling Cracker. Wazo lake ni kugeuza kazi juu chini: makali yanakaa palepale yakitazama juu, ukuni unawekwa juu yake, unaupiga kwa nyundo. Mkono haukaribii kitu chenye makali kinachotembea.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea na kipande cha springi ya lori. Akakikata urefu wa sentimita 20, akakinoa, akakichomelea kikiwa wima juu ya bamba nene, kisha akazungusha pete mbili za nondo kama kikapu ili ukuni usimame ndani. Bamba tukalifunga kwenye kisiki kifupi. Mama anakaa kwenye kigoda chake, anaweka kipande kisichozidi unene wa kopo la maziwa ya unga, anapiga kwa nyundo ya kilo 2 anayoinua hadi kifuani tu. Mapigo matatu, manne, umepasuka. Pigo la mwisho lisiwe la nyundo juu ya chuma, kwa sababu chuma kwa chuma hurusha vipande machoni. Ukuni ukibakiza kidogo, usukume kwa ukuni mwingine. Kwetu aliye darasa la sita anaruhusiwa kupiga, wa darasa la pili anaokota vibanzi.

Wanafunzi wa IUIU mnaopanga vyumba na kujipikia, mnaweza kuanza na tairi peke yake. Pasueni mkaratusi ungali mbichi, ukikauka unakuwa mkaidi. Kisha pangeni kuni chini ya paa, zisiguse udongo, upepo upite katikati, mkazisahau kwa miezi kadhaa. Ukuni mbichi unaweza kuwa karibu nusu maji kwa uzito, na moto wote wa mwanzo unaishia kuyachemsha hayo maji, huku moshi ukiingia kwenye vifua vya mama na mtoto aliye mgongoni. Vipande vyembamba vilivyokauka vinashika haraka, na saa kumi za usiku, wakati wa daku, hilo si jambo dogo.

Binti yangu alikuwa akichelewa darasa la Qur'ani la baada ya Alasiri kwa sababu ya kumshikia bibi yake kuni. Siku hizi anachanja robo saa, anaoga, anakwenda.

Majirani nao wamekuja kutazama. Hajati mmoja aliomba kuazima kile chuma kwa wiki moja ya harusi. Mama akakataa kitoke uani. Akamwambia alete kuni zake, kigoda kipo na chai ipo.