Goti lilinigombanisha na shoga yangu!

Wiki hii siandiki ya mapenzi wala ya fasheni. Naandika ya goti langu. Usicheke, maana goti hilo nusura linikoseshe rafiki niliyekaa naye dawati moja mpaka tunamaliza kidato cha nne.

Ilikuwa sendofu yake, Novemba 2022. Ukumbi umefurika, mduara umekolea, mshereheshaji anaita marafiki wakamtunze bi harusi mtarajiwa. Wenzangu wote wakanyanyuka, wanakata mauno kuelekea mbele. Mimi? Nimeganda kwenye kiti. Nikamwita mtoto wa meza ya jirani, nikampa bahasha anipelekee. Shoga yangu akaniona. Tangu siku hiyo salamu ikawa ya juu juu, na mtaani nikasikia eti namwonea wivu kwa kuwa kaolewa kabla yangu.

Wivu wa nini, jamani! Nilikuwa naogopa.

Mwaka mmoja nyuma, nikiwa na miaka 24, niliambiwa nina baridi yabisi. Wengi tunadhani ni ugonjwa wa mabibi, kumbe hata kijana unampata. Kinga ya mwili inageuka adui na kushambulia viungo. Nikaanzishiwa dawa, uvimbe ukapungua. Lakini woga ulibaki palepale. Kila goti likichoma, najua basi, kuna kitu kinasagika mle ndani.

Nyumbani nao wakanilinda kupita kiasi. Mama ananipokonya ndoo: "Mwanangu, usijitoneshe!" Kaka ananisogezea kiti. Sokoni siendi, ngazi sipandi. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyojitunza, ndivyo maumivu yalivyozidi. Mapaja yakanywea, goti likawa linayumba.

Mwanzoni mwa 2024 nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nikajua leo navunjwa! Kumbe kaka wa watu hata goti hakuligusa. Alinipa karatasi ya maswali 17, yaliyotungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Asiyeogopa kabisa hupata alama 17, aliyezidiwa hufika 68. Mimi nikapata 52. Shuleni sikuwahi kufaulu hivyo! Akasema woga huo una jina lake, kinesiofobia, yaani hofu ya kujongea.

"Dada, maumivu ni kama mbwa wa mlinzi," akaniambia. "Akibweka, si kila mara kuna mwizi."

Akanieleza kuwa gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake kwenye ute wa kiungo, unapokikandamiza na kukiachia, kama dodoki linavyonyonya maji. Ukikaa tu, dodoki halifanyi kazi, na misuli inayoshikilia goti inalegea.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuinuka kitini na kukaa, mara 5. Nilitoka jasho, na si la kazi, la woga! Mama kasimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilipewa sheria moja: maumivu yakirudi kawaida kufikia kesho yake, umeenda sawa. Yakizidi, punguza, lakini usiache.

Mara 5 zikawa 10, kisha nikaanza kuzunguka nyumba, baadaye mtaa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima, hata wenye maradhi ya kudumu, wajishughulishe angalau dakika 150 kwa wiki, kila mtu kwa uwezo wake. Wiki nyingine sifikishi. Siku nyingine goti linauma kweli. Lakini ndoo nabeba mwenyewe.

Shoga yangu alipojifungua, nikajipa moyo. Anakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Nikapanda nikipumzika kila ghorofa. Akafungua mlango, akaangalia ngazi, akaniangalia mimi.

"Kumbe ngazi unapanda, kunitunza ndiyo ulishindwa?"

Nikakaa, nikamweleza yote toka mwanzo. Akanyamaza kidogo.

"Sasa shoga, si ungeniambia? Ningekufuata mimi hapo mezani kwako."

Nililia, acha tu. Miaka yote ile nilikuwa nalinda goti, kumbe nampoteza mtu.

Basi wewe mwenzangu unayeogopa kujongea, kiungo kikivimba na kuwa cha moto, au ukiwa na homa, kamwone daktari kwanza. La sivyo, muulize mtaalamu uanzie wapi, uanze na kidogo. Na waambie watu wako kinachokusumbua, wasije wakadhani unaringa.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Naenda kumbeba mtoto wa shoga yangu, kwa ngazi!