Kabla ya Kuingia Korongoni, Andikeni Majina

Vijana wanne wa hapa Kemondo walinijia ofisini mwa parokia na karatasi mkononi. Wamekata shauri kwenda kutembea kwa miguu, shanta mgongoni, Jumamosi na Jumapili, katika makorongo ya Engare Sero karibu na Ziwa Natron. Karatasi yao ilitaja unga, sufuria, mablanketi, hata betri za tochi. Nikawauliza, "Majina yenu yako wapi?" Wakacheka. "Karani, sisi si tunajuana?"

Sikuwazuia, maana safari ile ni njema. Ni siku mbili za kwenda: basi hadi Mwanza kwa kupita daraja la Busisi lililofunguliwa 2025, kisha Singida hadi Makuyuni. Hapo huachwa njia ya Arusha, ikashikwa ya Mto wa Mbu, halafu kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Huko ni nchi kavu ya vumbi na jua kali. Utaona mlima Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, nao bado hutoa moto. Utaona ziwa la magadi ambako heroe huzalia. Karibu na ziwa zipo nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale, zilizoganda katika matope ya majivu ya volkano. Na mto Engare Sero hushuka katikati ya kuta ndefu za mawe, nawe hupita majini hadi kwenye maporomoko.

Lakini sisi watu wa Kemondo twaweza kudanganyika na nchi kavu. Kwetu mvua hufika yapata milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi yenye migomba na nyasi huinywa. Tena mvua ikija twaiona. Huko sivyo. Udongo mgumu haunywi upesi. Mvua hunyesha juu milimani, mbali, nawe u chini korongoni penye jua. Maji yote hukusanyika katika njia ile moja nyembamba, yakaja kwa kishindo pamoja na mawe na magogo.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, mwezi wa Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokwenda kutembea walikutwa na maji korongoni, wakafa 7. Mwezi wa Septemba 2019, mahali hapo hapo, wakafa tena watu 7.

Basi, shikeni haya. Nendeni kati ya Juni na Septemba, si wakati wa masika. Chukueni mwongoza njia wa kijiji, na kila asubuhi mwulizeni kama milimani kumenyesha. Kila mtu awe na maji ya kunywa lita 4 kwa siku. Msilale chini korongoni, hata mchanga ukiwa laini namna gani. Maji yakigeuka rangi au yakianza kujaa, au mkisikia ngurumo, pandeni juu mara moja. Acheni shanta, sufuria hununuliwa tena.

Na majina? Sisi wa Kemondo hatuna haja ya kufundishwa na wengine. Meli ya MV Bukoba ilipita bandari yetu ikapakia watu, ikazama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Walikufa mamia, na hata leo hakuna awezaye kutaja hesabu yao kwa hakika. Wako wazazi waliongoja siku nyingi, wasijue kama mtoto wao alipanda au hakupanda.

Kwa hiyo andikeni orodha mbili: majina kamili, simu za nyumbani, njia mtakayopita, na saa ya kutoka korongoni. Moja iachwe kijijini Engare Sero, ya pili nyumbani. Saa ile ikipita, watu waanze kuwatafuta bila kungoja kesho.

Vijana wangu wataondoka mwezi wa Julai. Orodha yao i mezani kwangu. Mmoja aliandika jina lake tu. Nilimrudishia kalamu, akaongeza la mama yake.