Lala Chini ya Gari Kabla ya Kutoa Hela

Wateja wengi huniletea gari wakiwa wameshalipa. Hawaji kukagua, wanakuja kuambiwa kwamba wamepata. Baba kashika funguo, mama kambeba mtoto, wote wanaangalia rangi. Mimi naomba jeki. Gari la mkononi hapa Mtwara linasomwa uvunguni, na huko ndiko mnunuzi asikofika.

Bandari tunayo, ila kazi yake kubwa ni korosho, saruji na makaa ya mawe. Magari mengi yaliyotumika yanashukia Dar es Salaam. Kwa hiyo RAV4 au Escudo unayooneshwa ama imeendeshwa zaidi ya kilomita 500 kuja huku, ama imezeekea hapahapa. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiogopa, maana imekula chumvi. Magari yanayolala Shangani na Mikindani yanapigwa upepo wa bahari usiku kucha. Yaliyozoea kwenda Msimbati yamekanyaga mchanga wa pwani wenyewe, na mchanga ule hujificha kwenye chesesi miezi na miezi, na unyevu wake na chumvi yake.

Nesi mmoja na mumewe mwalimu waliniletea Grand Vitara ya namba D. Juu inang'aa, viti vya ngozi, redio kubwa. Chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi toka mbele hadi nyuma. Rangi mpya uvunguni mwa gari la zamani haikunifurahisha. Niligusa kwa bisibisi pale mkono wa nyuma unapofungwa kwenye bodi, ikazama.

"Fundi, si tutachomelea?" mwalimu akauliza.

Kuchomelea bati lililolika ni kushona kitambaa kilichooza: uzi unashika, nguo inachanika pembeni. Na pale ndipo panaposhikilia tairi.

Wauzaji wana jibu lao: hili limetoka Japani juzi tu. Japani nako kuna sehemu kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Omba karatasi ya mnada. Kwenye ule mchoro wa gari, herufi S ni kutu, C ni chuma kilicholika, na daraja R ni gari lililowahi kuumia likatengenezwa. Ukiambiwa karatasi imepotea, punguza bei kichwani mwako, au ondoka.

Ujanja mwingine uko kwenye dashibodi. Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake. Ya eabegi itazima yenyewe baada ya sekunde chache, ya injini itazima ukishawasha. Mnunuzi akiona taa haipo kabisa anafurahi, kumbe balbu imetolewa au imeunganishwa na taa nyingine ili zizime pamoja. Halafu ingiza mkono chini ya kava za viti vya nyuma. Mara nyingi klipu za mikanda zimezikwa humo, na hicho kiti cha mtoto ulichonunua hutapata pa kukifunga.

Joto letu nalo linaficha mambo. Gari likichemsha, kuna mafundi wanaotoa thamostati na kujaza maji ya bomba. Mshale unatulia, gari linauzwa. Ukilipandisha Newala na watoto, mizigo na kiyoyozi kimewashwa, ndipo gasketi inapoungua. Nenda kulitazama alfajiri na ushike boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliamsha kabla yako ili usione moshi wa mwanzo. Fungua rejeta ikiwa baridi: maji ya rangi ya chai yenye kutu yanakwambia yote.

Kwenye X-Trail zenye giaboksi ya CVT, uliza imewekwa oili gani. CVT inataka oili yake maalumu. Nimefungua zilizomiminiwa haidroliki ya kawaida kwa sababu ni bei rahisi, na bei ya giaboksi nyingine ilimtoa mwenye gari machozi. Kwenye RAV4 zinazouzwa kama fowili, chungulia kama propela ipo. Zipo zilizovuliwa "zisile mafuta", na mwenyewe anagundua siku amekwama mchangani.

Watu hawafikirii spea. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika huko Somanga, na mizigo ya Kariakoo ikakwama. Mwenye gari ambalo bushi na brekipedi zake zinapatikana madukani hapa mjini aliendelea na safari zake. Mwenye gari la kifahari alipanda bajaji. Kabla hujapenda gari, ingia maduka mawili ya spea uulize.

Na familia ya watoto wawili inayokaa Chikongola, ikaenda kijijini mara mojamoja, haihitaji injini kubwa. Inahitaji uwazi wa chini na bodi nzima. Kama unaagiza mwenyewe, injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi 2000 ni 10, na gari lililopita miaka 8 lina nyongeza yake TRA. Piga hesabu hiyo kabla ya kuangalia picha.

Usinunue msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada inafanyika, pesa zinaingia kwa wakulima, na magari yaliyolala yadi mwaka mzima yanapigwa polishi na kupandishwa bei. Kama unaweza, subiri masika. Muuzaji ana shida ya pesa, na mvua inakuonesha bure mlango unaovuja.

Ukiwa na milioni 15, tafuta gari la 12. Zinazobaki zina kazi: tairi, shokapu, oili zote, bima. Anayemaliza zote kwenye bei analeta gari kwangu mwezi wa pili na kuliacha hapa kwenye uzio, kwa kuwa hana ya kulitengeneza. Ninayo kadhaa yanasubiri.

Muuzaji akikataa gari kupandishwa jeki, usibishane naye. Rudisha pesa mfukoni. Ameshakujibu.